Televisheni Ndani ya Gari la Mikate

Bibi alikuwa ameshaikimbia hospitali ya macho mara tatu, na kila mara kwa ugonjwa mwingine. Mara ya kwanza kiuno kilimkamata pale pale kwenye mlango wa gari. Mara ya pili alisema kuku wake anatotoa, na kuku gani anatotoa mwenyewe hayupo? Mara ya tatu hakujisumbua kutafuta sababu. Alijifungia chooni akaimba mpaka gari la kukodi likachoka kusubiri.

"Safari hii ndiyo ya mwisho," muuguzi alimwambia mjukuu wa Bibi. "Asipokuja Alhamisi, nafasi anapewa mwingine. Na lile jicho la kushoto halina subira. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi, kumtoa ni kazi, na huenda asione tena."

Mjukuu alimpelekea Bibi ujumbe huo kama alivyopewa. Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kwa sababu macho yalishaacha kumsaidia.

"Mtoto wa jicho ni mtoto wangu," alisema. "Nimezaa saba, sikumtoa hata mmoja kwa kisu. Na huyu mwacheni alale."

"Huyu halali, Bibi, huyu anakula."

"Na wewe unakula. Nimekuita daktari?"

Mjukuu alirudi kwenye meza yake ya kupiga pasi nguo za watu. Alikuwa msichana wa maneno machache na macho mengi, na mkono wake ulipokuwa unanyoosha kola, macho yake yalikuwa yananyoosha mambo mengine. Aliona kwamba Bibi hakuwa mtu wa kukataa kutoka. Tangu mgao wa umeme uanze, kila baada ya chakula cha mchana nyumba ilikuwa inazimika, na Bibi, ambaye kiuno kilimzuia kupanda gari, alikuwa akivuka matope na kandambili moja mguuni kwenda kwa jirani mwenye jenereta. Kisa? Tamthilia. Alikuwa anakaa goti kwa goti na kioo, akitazama rangi zikipita na kusikiliza maneno, na ole wake atakayekohoa.

Kuku hafukuzwi kuingia bandani, mjukuu aliwaza. Humwagiwa mtama.

Jioni hiyo alimfuata mjomba wake, kitinda mimba wa Bibi, aliyekuwa dereva wa gari la kusambaza mikate. Asubuhi alikuwa anazunguka madukani. Mchana gari lilikuwa linalala uani, tupu, linanukia ngano. Lilikuwa kama sanduku kubwa lisilo na madirisha, lenye milango miwili nyuma na kidirisha kimoja kidogo cha kupitishia risiti kwa dereva.

"Unataka tumteke mama yangu mzazi," mjomba alisema baada ya kusikiliza.

"Hatumteki, Mjomba. Tunamwonyesha tamthilia. Kama gari litatembea, hiyo ni shauri ya gari."

Mjomba alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akauliza umeme utatoka wapi, na hapo ndipo safari ya kutafuta inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani, ilipoanza.

Dukani kulikuwa na mama mmoja mnene, mpole, aliyezungukwa na nyaya kama buibui nyumbani kwake. Mjomba hakusubiri kuulizwa. Alinyoosha kidole kwenye boksi kubwa kuliko yote, lenye radi nyekundu imechorwa ubavuni.

"Lile."

"Lile ni la wati elfu mbili," mama wa duka alisema. "Unataka kuwasha nini?"

"Gari langu ni zima, injini yake..."

"Sijauliza gari, baba. Nimeuliza kitakachowaka."

Mjukuu alitoa simu, akamwonyesha picha aliyoipiga nyuma ya televisheni, pale penye karatasi ndogo ya maandishi ya kiwandani. Wati arobaini.

"Na feni," mjomba akadakia. "Na pasi, maana huyu anapiga pasi. Na birika langu la chai."

"Hiyo sasa ni nyumba, si gari," mama wa duka alisema. "Birika peke yake linataka zaidi ya wati elfu moja. Hilo dude kubwa halichomekwi, linafungwa kwenye betri kwa nyaya nene kama kidole. Ukichemsha chai yako mara mbili, unashuka kusukuma. Una watu wa kukusukuma?"

Mjomba akamtazama mpwa wake. Mpwa akatazama juu.

Mama wa duka akashusha vidogo viwili. Kimoja kilikuwa cha bei nafuu, kimeandikwa mia tatu kwa herufi za kujigamba. Mjukuu alikigeuza taratibu, akakuta nyuma, kwa herufi za siafu, kwamba hizo mia tatu ni za kufumba na kufumbua. Za kudumu ni mia na hamsini.

"Zinatosha," mama wa duka alisema, "lakini hiki umeme wake ni wa kurukaruka. Redio itakoroma, televisheni nyingine zinapiga michirizi. Hiki cha pili ni mia na hamsini pia, ila umeme wake umenyooka kama wa ukutani. Kinachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hesabu unachotaka kuwasha, bakiza nafasi, kisha usiongeze kitu. Na injini iwe inanguruma. Mkikaa mnatazama gari limezimwa, betri itakufa kabla mwizi wa tamthilia hajakamatwa."

"Injini ingurume muda wote?" mjukuu aliuliza.

"Muda wote."

Mjukuu akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Akachukua cha pili.

Jumatatu umeme ulipokatika, Bibi alikuta kiti chake cha uvivu kimeshapanda kwenye gari la mikate, mbele yake televisheni imefungwa kwa kamba kwenye rafu ya mikate, na flashi iliyojazwa tamthilia kwenye kibanda cha video imechomekwa tayari. Waya ulipita kwenye kidirisha cha risiti mpaka kwenye inveta, pembeni ya kiti cha dereva.

"Mbona linanguruma?" Bibi aliuliza, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini.

"Ndiyo umeme wenyewe huo, Bibi. Likinyamaza na picha inakufa."

Bibi alipanda. Jumanne alipanda bila kuitwa. Jumatano alikuwa wa kwanza kufika, na mto wa kuegemea mgongo, akamwambia mjomba gari lake limechelewa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua mjukuu. Inveta ilikuwa na matundu mawili, na mjomba alikuwa akilitazama lile la pili kama paka anavyotazama bakuli la mwenzake. Mjukuu alilibandika plasta ya kidonda.

"Huniamini?" mjomba aliuliza.

"Nakuamini sana, Mjomba. Chai ndiyo siiamini."

Alhamisi wakaanza mapema, mjomba akiwa amemaliza kuzunguka madukani alfajiri. Mjukuu alimwambia Bibi kwamba leo ni sehemu ile iliyokuwa inasubiriwa na mtaa mzima: mama mkwe ameanza kumshuku mkwewe mjamzito. Bibi hakumalizia hata uji. Milango ikafungwa, injini ikanguruma kama kawaida yake, na gari likaondoka uani polepole kama bwana harusi.

"Leo linatikisika," Bibi alisema, macho kwenye kioo.

"Umeme mwingi, Bibi."

"Hm. Nyamaza basi, anazungumza."

Wakapita sokoni, wakapita kituo cha mafuta. Kwenye mashimo Bibi alikuwa anashika rafu kwa mkono mmoja na kumtukana mama mkwe kwa mdomo mzima. Mjukuu alianza kuhesabu kona zilizobaki. Mama mkwe kwenye kioo alikuwa ananyata kuelekea chumba cha mkwewe. Akashika kitasa. Akakizungusha...

Kutoka mbele kikasikika kilio, piii, kama panya aliyekanyagwa, na kioo kikawa cheusi.

Gari likasimama. Katika ukimya ule zilisikika honi, kengele ya baiskeli, na mtu anauza maji.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema taratibu. Hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu marehemu babu alipokuwa akimtania kuwa mke mdogo. "Uani kwetu tangu lini wanauza maji?"

Mjukuu alifungua milango akaruka chini. Kule mbele alimkuta mjomba ameshika birika mapajani, plasta imening'inia kidoleni.

"Nilitaka kikombe kimoja tu," mjomba alisema.

"Birika uliliweka wapi?"

"Chini ya kiti. Tangu Jumatatu."

Mjukuu alichomoa birika, akazima inveta, akaiachia ipumue. Alipogeuka, Bibi alikuwa ameshashuka, amesimama kando ya barabara na mto wake kwapani, ananusa hewa.

"Dawa," alisema. "Nasikia harufu ya dawa. Hapa ni karibu na hospitali."

"Karibu sana, Bibi."

"Wanafiki wakubwa! Na wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni!"

"Mama, mimi ni dereva tu," mjomba alisema akiwa amejificha nyuma ya usukani.

"Narudi nyumbani kwa miguu."

"Sawa, Bibi," mjukuu alisema. "Shika upande wa kulia, kuna mtaro. Mimi nataka kujua alichokiona mle chumbani, kwa hiyo naendelea."

Kidole gumba chake kilikuwa juu ya swichi. Bibi alisimama. Alipiga hatua moja upande wa nyumbani, ikawa fupi. Ya pili ikawa fupi zaidi.

"Mmeshaliharibu hilo dude lenu," alisema.

"Halijaharibika. Lilizidiwa tu, likajizima."

"Basi washa hapa hapa nitazame, kisha niende zangu."

"Linawaka gari likitembea," mjukuu alidanganya bila kupepesa.

"Siku tatu limewaka limesimama!"

"Siku tatu halikuwa limechemshiwa chai."

Bibi alimtazama mwanawe, au pale alipodhani yupo. Akapanda. "Endesha. Lakini jicho langu haliguswi na mtu. Natazama, narudi."

Mjukuu alikuwa bado anatafuta pale ilipokatika walipoingia kwenye ua wa hospitali. Mjomba aliegesha karibu na benchi la wagonjwa, injini inanguruma, na mjukuu akafungua milango ili hewa iingie. Hewa iliingia na watu wakaingia nayo. Wagonjwa wa macho, wengine wamefungwa bandeji, wengine wameshikiliwa mikono, walisogea kufuata sauti. Mbele yao alikuwa bibi mmoja wa rika la Bibi, amevaa miwani nyeusi, kwa kuwa alipasuliwa wiki iliyopita na sasa alikuja kuangaliwa tu.

Mama mkwe alizungusha kitasa. Mlango ukafunguka. Mama mkwe akapiga ukelele.

"Kaona nini?" Bibi alisogeza pua mpaka kwenye kioo. "Kaona nini huyu?"

Mjukuu alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Mto!" alisema yule bibi wa miwani nyeusi.

"Mto gani?"

"Wa kulalia. Kaufunga tumboni kwa kamba. Huyo hana mimba hata ya panya!"

"Usinizushie hapa. Mimba ile nimeifuata tangu ya wiki mbili. Nimeiombea dua!"

"Dada, kamba nimeiona kwa jicho hili." Yule bibi alinyanyua miwani, akaonyesha jicho lake jipya kama mtu anayeonyesha pete. "Ina mafundo mawili. Na foronya ina maua ya zambarau. Jani moja limefumuka uzi."

Wagonjwa wenye jicho zima wakakubali: kweli, uzi umefumuka. Bibi aliiondoa pua kwenye kioo.

"Mke mwenzangu. Wewe kamba hii uliiona lini?"

"Juzi, Bibi. Ilichungulia kidogo alipoinama."

"Na hukuniambia!"

"Uliniambia nikifungua mdomo nikakukatishia utamu, utanishusha."

"Kwa hiyo dunia nzima inajua," Bibi alisema, na sauti yake ikapanda, "mimi peke yangu nimekaa naombea foronya?"

Kicheko kilichotoka pale uani kilimtoa muuguzi mlangoni. Bibi hakucheka. Alijivuta kwenye kiti, akashuka, akatengeneza kanga yake.

"Simamisha hapo hapo," alimwamuru mjukuu. "Asisogee hata mama mkwe."

"Nimesimamisha, Bibi."

"Wewe muuguzi, unayenuka sabuni. Wanaanza na nani?"

"Mama mmoja yuko kwenye foleni mbele yako..."

"Mama huyo anafuatilia tamthilia?"

"Sijui, Bibi."

"Basi ana nafasi. Nipitishe mimi."

Yule mama wa foleni alisema hana neno, apite tu, maana naye alitaka kubaki karibu na televisheni. Bibi akashikwa mkono, akaingia, bila kiuno wala kuku.

Wagonjwa walimgeukia mjukuu na kumsihi aendeleze kidogo tu, Bibi hatajua. Mzee mmoja alimpa karanga. Mjomba naye akaunga mkono wagonjwa. Mjukuu alikula karanga, akaweka rimoti ndani ya blauzi yake, akamwambia mjomba azime injini. Kioo kikazimika, watu wakaguna.

Ua ulipotulia, sauti ya Bibi ilisikika kupitia dirisha la chumba cha upasuaji, kali na safi.

"Subiri kwanza, daktari, kabla hujanigusa. Ule mto tumboni, wewe uliuona?"

"Mto upi tena, Bibi?"

"Hukuuona!" Bibi alisema. "Sasa na wewe nani kakupa kisu?"