Mgomo wa Mpishi wa Kambi ya Urani

Mjomba wangu Barnabasi Iksiraq alikuwa mpishi wa kambi ya kutafuta madini ya urani. Mkewe, Vera, alikuwa kinara wa kuipinga kambi hiyohiyo. Walilala kitanda kimoja, kwa hiyo mji mzima wa Qamanittuaq, huku kaskazini ya mbali, uliwacheka.

"Umewapikia nini hao watafuta sumu?" Vera alikuwa akimuuliza kila akirudi nyumbani mapumzikoni.

"Nyama ya ng'ombe na viazi."

"Waambie na wao wakupikie urani. Hapa kwangu hakuna tuktu kwa msaliti."

Tuktu ni mnyama wa pembe, kama swala mkubwa, wa huku kwenye barafu. Aliyenyimwa nyama yake na mkewe ajue hata blanketi litakuwa fupi. Mjomba alitafuna biskuti. Alikuwa mnene na mpole, na aliogopa vitu viwili tu: dubu na Vera. Dubu si sana.

Kambi yenyewe walikuwa wameipiga palepale tuktu majike wanapokwenda kuzaa. Bosi wa kambi, Mzungu mmoja aitwaye Craig, aliuahidi mji kwamba msimu wa kuzaa helikopta haitaruka wala mashine za kuchoronga miamba hazitawashwa. Vera akamjibu mbele ya watu: "Hata huyu wangu huniahidi kupunguza kitambi."

Mwezi wa sita majike wakafika, theluji ikiwa imebaki mabakamabaka. Craig alikuwa amechelewa na kazi yake, akaamuru helikopta iruke. Kundi likatimka kama limemwagiwa maji ya moto. Ndama mmoja aliyezaliwa asubuhi ileile, miguu bado haijaelewana, akabaki nyuma. Akayumbayumba hadi hema la jikoni, akakutana na kitambi cha Mjomba, akaanza kunyonya aproni.

"We mtoto, hapo hamna kitu," Mjomba akamwambia.

Craig akaingia. "Kitoe hicho nje. Helikopta inaruka tena mchana, na vijana wana njaa."

Mjomba anasema hakuwaza jambo lolote la maana. Alisikia tu sauti ya Vera kichwani, nayo ilikuwa kubwa kuliko helikopta. Akazima jiko, akakalia sanduku la nyama.

"Helikopta ikiruka, hakuna kula."

"Unatania?"

"Mimi mpishi mbaya, bosi. Lakini nyinyi ni wabaya zaidi."

Ilikuwa kweli. Mchorongaji mmoja alijaribu kukaanga mayai, akaunguza kikaango na nyusi. Ilipofika alasiri rubani mwenyewe akatangaza kwamba injini ina homa, akaja jikoni na sahani yake. Wengine wakamfuata. Craig alipiga kelele mpaka akakauka sauti, kisha naye akashika sahani.

Helikopta ikabaki chini. Baadaye jike mmoja akarudi, pua chini, akinusa alipomwacha mwanawe. Mjomba akatoka taratibu, akajilaza kifudifudi nyuma ya hema asije akamtisha. Jike akakoroma, ndama akaitika, wakaondoka pamoja. Mjomba alitokwa machozi. Anasema ni moshi, ilhali jiko lilikuwa limeshazimwa.

Kesho yake akafukuzwa kazi. Wakataka kumrudisha mjini kwa helikopta, akagoma kupanda, na rubani akashikilia kwamba injini bado ina homa. Basi ikabidi wakae naye na kumlisha, yeye akikosoa chumvi yao kila siku, mpaka ndama walipopata nguvu za kukimbia.

Wakati wa kikao cha wananchi mbele ya bodi ya kukagua miradi ya madini, Craig alisimama akaapa kwamba hakuna tuktu aliyebughudhiwa. Vera alikuwa na hotuba aliyoiandaa wiki nzima. Kabla hajainuka, Mjomba alishaifikia maikrofoni.

"Mimi ndiye niliyenyonywa," akasema.

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko. Kisha akaeleza yote, na kicheko kikaisha. Alipomtaja yule jike akinusa mahali patupu, bibi mmoja akajifunika uso. Craig akawa anasoma viatu vyake.

Bodi ikashauri serikali ikatae ombi la kuchimba urani, na serikali ikakataa. Kampuni ya Craig ikakunja mahema.

Njiani kutoka kikaoni Vera alitembea mbele ya mumewe kwa hatua za haraka. Mlangoni ndipo alipolipuka: "Wiki nzima naandaa hotuba, halafu unakuja kunifunika na titi lako!"

"Samahani, mke wangu."

"Samahani nini? Rudia ile ya nyusi za mchorongaji. Sikuisikia vizuri, nilikuwa nalia."