Kosa Moja, Dakika ya Hamsini na Moja

Norman alikwenda dukani Muhima kumnunulia mkewe Ariane RAM, kumbukumbu ya kompyuta, akarudi amejinunulia sifa. Ndivyo alivyokuwa. Ariane aliomba kompyuta yenye nafasi ya kutosha kuhariri sauti ya mama yake, basi. Mama Mukarugwiza alikuwa na saratani ya koo, na kabla ya upasuaji ambao ungemwondolea sauti moja kwa moja, aliketi siku nne mbele ya kinasa sauti akizungumza na mjukuu aliyekuwa bado tumboni mwa Ariane. Alimtajia majina ya ukoo, akamsimulia maisha ya Karagwe walikokimbilia zamani, akamwimbia nyimbo za kubembelezea. Masaa tisa kwa jumla.

Vitalis, mwenye duka, mtu wa Bukoba asiyeficha anachofikiri, alimwekea mezani pakiti mbili. Kila moja ilikuwa na vipande viwili vya gigabaiti arobaini na nane.

"Kaka, chukua hizi za polepole," alisema. "Kazi ya shemeji inataka nafasi, haitaki mbio. Hizo nyingine ukizibana sana zitakuchekea usoni halafu zikusaliti."

"Oya, mimi si mtoto. Nipe ile iko haraka."

Norman alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wanaume wazima wenye kazi zao, walioshindana kuendesha kompyuta kwa kasi kuliko iliyopangwa kiwandani. Kwenye RAM, namba ya ucheleweshaji ikiwa ndogo ndiyo fahari, na kuishusha kwenye vipande vikubwa namna ile si mchezo. Pakiti iliandikwa thelathini. Norman akaishusha hadi ishirini na sita. Sheria ya kundi ilikuwa jaribio la saa nzima bila kosa, picha ya skrini, kisha Jumapili mwenzao Rutayisire aje athibitishe kwa macho.

Jumamosi asubuhi, dakika ya hamsini na moja, skrini ikaandika kosa moja. Norman aliliona na alijua maana yake: RAM hiyo ingeweza kuharibu chochote kinachopita ndani yake, kimyakimya. Kurudisha thelathini ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alisubiri saa itimie, akapiga picha, akakata mstari wenye kosa, akatuma. Pongezi zikamiminika. Angeirudisha Rutayisire akishaondoka, alijiambia. Mtu mzima, baba mtarajiwa, anaogopa kuchekwa kwenye simu!

Ariane akaingia na kinasa sauti. Kilikuwa cha Libère wa kwaya, na Libère alikitaka siku hiyohiyo, kadi ikiwa tupu.

"Mashine iko tayari?"

"Yego, iko tayari."

Hapo angeweza kusema. Hakusema, na akaongeza baya juu ya baya. "Sauti zote ingiza, funga kwa zipu moja," alimwambia, "nione itamaliza dakika ngapi. Zile faili za mwanzo futa, zinajaza bure." Ilimaliza kwa dakika nne, na namba hiyo nayo akaituma kwenye kundi. Ariane aliiona zipu imekaa mahali pake, akafuta faili za mwanzo na kadi pia, akarudisha kinasa. Jioni kwaya ikarekodi juu ya kadi hiyohiyo.

Jumapili Rutayisire alikuja, akasifu, akala, akaondoka. Norman akarudisha thelathini. Zipu hakuifungua hata kuchungulia, kwa sababu aliogopa kujua.

Wiki ya tatu Mama Mukarugwiza alitoka hospitali, wakamleta kwao Kagarama, bandeji shingoni na daftari magotini. Aliandika kwamba anataka kujisikia. Ariane akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba faili limeharibika. Akajaribu tena na tena, tumbo lake limegusa meza, na mama bado ametega sikio.

Ukweli ulimfika Norman hadi ulimini, akaumeza.

"Ile siku," alisema, "ulitoa kadi mbele ya kumaliza?"

Ariane alikuwa mwepesi wa kujilaumu, na mumewe alilijua hilo vizuri.

"Simu iliita kidogo... Sijui. Labda nilitoa. Labda ni mimi."

"Itakuwa wewe."

Ariane alipiga magoti mbele ya mama yake, akalia hadi mabega yakatikisika. Mama alifungua mdomo kwa mazoea ili ambembeleze, pakatoka pumzi tupu. Ndipo Ariane akamgeukia mumewe, uso umelowa.

"Norman, uliteseka sana na hii mashine, na mimi nikaharibu. Unisamehe."

Mama mkwe alikuwa akimtazama. Norman akaweka mkono begani kwa mkewe.

"Nimekusamehe," alisema.