Nyongeza ya Bwana Minegawa

Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, kazi yake kuchora vibonzo, na maisha yake yote ametoa vitabu vitatu! Vitatu tu, jamani. Truphena alipoambiwa hivyo mara ya kwanza alicheka mpaka akaiweka pasi chini. Kwao Bungoma, fundi wa viti mwenye mwendo huo angekufa njaa, na hakuna ambaye angemsikitikia. Lakini Bwana Minegawa wa Japani alipendwa, tena kwa kule kukawia kwake, na katika nyumba ya Riyadh alimofanya kazi Truphena alipendwa zaidi na Jumana, binti wa madam, mwenye miaka kumi na sita.

Hadithi yenyewe ni ya kobe tarishi anayepeleka barua moja kupitia nchi nzima. Kitabu cha tatu kinaishia mlango umefunguliwa, barua imetolewa, haijasomwa. Hapo ndipo mzee aliposimamisha kalamu, na sasa ni mwaka wa tisa. Jumana alikuwa na mto wa kobe, kikombe cha kobe na mapazia ya kobe, na aliyevifua na kuvisugua vyote hivyo ni Truphena.

Truphena naye alikuwa na lake. Mkataba wake wa miaka miwili ulikwisha miezi kumi na minne iliyopita. Mtoto wake, Emmah, alimwacha na miaka miwili. Sasa ana mitano, na dada yake Truphena anayemlea, Jerusha, ndiye anayeitwa mama. Kwenye simu mtoto alikuwa akisema, "Shikamoo auntie," kisha anakimbilia kucheza. Truphena alitaka kufika kabla hajageuka mgeni kabisa. Kilichobaki ni kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, naye ni madam mwenyewe, kubonyeza simu mara mbili tatu na kumpa ruhusa ya kutoka nchini. Kila akiomba anajibiwa, "Bukra, inshallah." Kesho gani hiyo isiyofika? Ilimuuma mpaka akawa halali vizuri.

Basi habari zikaja kwamba Minegawa anakuja Jeddah. Siku tatu, atachorea watu wanne kwa siku, na watu hao watapatikana kwa kura. Jumana akajaza majina ya nyumba nzima ili bahati iwe nyingi: baba, mama, wajomba, dereva Hillary, hata mfanyakazi wa jikoni kwa namba ya ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi. Kura ikamwangukia nani? Truphena! Na sharti lilikuwa moja: aliyetajwa aje mwenyewe na ikama mkononi, na mzee ataandika jina lake juu ya picha, isije ikauzwa.

Jumana alilia kwa hasira, kisha akalia kwa furaha. Madam akamwita Truphena sebuleni na, kwa mara ya kwanza, akamwambia akae kwenye kochi.

"Mletee Jumana picha hiyo," alisema, "nami palepale nakupa ruhusa yako. Wallahi."

Ameapa mbele ya bintiye! Truphena alienda jikoni akauma kitambaa cha vyombo asipige vigelegele.

Madam na Jumana walipanda ndege. Truphena aliletwa kwa gari pamoja na masanduku, na njia nzima Hillary, kijana wa Kitale mwenye mdomo, hakunyamaza.

"Sasa sister, ukifika pale ni kuchorewa tu. Usijipendekeze. Hawa ukiwapa kidogo wanataka yote."

"Wewe una wivu tu."

"Mimi? Nakwambia ukweli, shauri yako."

Ukumbi wa Jeddah ulijaa vijana waliovaa magamba ya karatasi mgongoni. Mwanamume mwenye ndevu, amekuja kutoka Dammam kuangalia tu, alimwona mzee akapiga magoti akalia. Minegawa alikuwa mdogo wa umbo, na alikuwa akichora mstari mmoja, anautazama, anapuliza, kisha anatulia kana kwamba amesinzia. Truphena alisimama mbele yake saa nzima na robo. Kobe alipokamilika alikuwa mzuri kweli, hilo lazima lisemwe. Chini yake, taratibu, kwa herufi za Kiingereza: Truphena Nafula.

Angechukua akaondoka! Lakini Truphena alikuwa amejifunza kuishi katika nyumba ile kwa kuongeza. Ukiambiwa pasi kanzu tatu, pasi tano. Ukiambiwa osha ngazi, osha na kibaraza, na siku yako itapita bila matusi. Akawaza, nimtie madam sukari kidogo, asije akageuka. Akamwambia binti mkalimani, "Tafadhali, muulize mzee ile barua inasema nini. Nyumbani kuna mtu anaililia."

Mzee aliinua macho, akamtazama mwanamke huyu Mwafrika kwa muda mrefu. Alidhani anayelia ni Truphena mwenyewe. Akaigeuza picha, akaandika nyuma yake mistari minne. Mkalimani akaisoma, kisha akaandika tafsiri ya Kiarabu chini yake.

Huko nje madam alikuwa amesimama, simu mkononi, ukurasa wa ruhusa umefunguliwa, jina la Truphena juu yake. Hilo alitimiza, tusimsingizie. Kidole kilikuwa njiani.

"Madam, subiri!" Truphena alisema akicheka. "Kuna nyongeza!" Akaigeuza picha.

Jumana akasoma kwa sauti: "Kwa Truphena Nafula. Kitabu cha nne kikitoka nitakuja tena hapa. Ukurasa wenye barua nitakukabidhi wewe mkononi kabla mtu yeyote duniani hajauona. Wewe tu."

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, usibonyeze!"

Madam alisoma mwenyewe, mara mbili. Kisha akaizima simu, akaitia mkobani.

"Madam, uliapa," Truphena alisema.

"Nami sijakataa. Utakwenda. Kitabu kikitoka, utakwenda siku hiyohiyo."

"Kitatoka lini, madam?"

"Kitatoka tu! Halas, basi." Naye Jumana akamkumbatia Truphena kwa nguvu, akambusu shavuni, akamwita bahati yake.

Mwezi wa pili baada ya kurudi Riyadh, Minegawa aliwaandikia wapenzi wake. Aliomba radhi. Mkono umechoka, alisema, na hataki kuiharakisha kazi wanayoipenda hivyo. Kwa mwaka huu na ujao hatachora.

Dunia nzima ilimjibu kwa mapenzi. Pumzika, mzee wetu. Chukua muda wako wote. Jumana alikuja jikoni na simu, machozi yanamtoka, akamkuta Truphena akisugua kile kikombe.

"Lazima na sisi tumwandikie," alisema. "Wewe anakujua kwa jina, atafurahi sana."

Akaandika palepale, akiegemea friji, huku akisoma kila neno kwa sauti: mpendwa mwalimu, usiwe na haraka hata kidogo, mimi na Truphena tutakungoja hata miaka kumi.

Akatuma.