Papa Viateur

Thacienne aliolewa na Sebarenzi mwaka 1943, kanisani, akiwa na miaka kumi na tisa. Walikaa kwenye kilima kilicho juu ya Mushaki, wakilima maharagwe. Miaka mitano ikapita bila mimba. Mama mkwe wake, Mukandori, kila jirani alipojifungua alimtuma Thacienne apeleke uji, kisha akamngoja mlangoni.

"Umeona vile wenzako wanafanya?"

Mwaka 1948 mume na mke walishuka kwa miguu hadi dispensari moja ya kando ya ziwa, alikokuwapo daktari Mzungu. Thacienne alipimwa kwanza, akaambiwa angoje nje. Sebarenzi akaingia, akakawia sana. Alipotoka, hakumtazama mkewe.

"Munganga amesema nini?"

"Amesema ni weye. Tumbo yako imekufa."

Thacienne alipanda kilima akilia. Sebarenzi alitembea mbele, mbali, kama mtu asiyefuatana naye.

Tangu siku hiyo hakuwa na sauti nyumbani kwake. Alinyweshwa dawa za majani zilizomtapisha mpaka damu. Kwenye karamu alikalishwa pembeni, asije akagusa watoto wa watu. Naye alivumilia, kwa sababu aliamini kosa ni la mwili wake. Mwaka 1952 Sebarenzi akamleta Agathe, msichana wa miaka kumi na saba. Padiri alimnyima komunyo, hakujali. Kitanda kikawa cha Agathe. Thacienne akatandikiwa majani jikoni, karibu na mbuzi.

Alikaa hapo miezi mitatu. Kisha akachukua jembe lake, akapanda kamyo ya mizigo, akaenda Walikale kwa kaka yake Kanyamibwa, aliyefanya kazi kwenye machimbo. Huko alilima mihogo, na asubuhi alifua bandeji za dispensari.

Mwaka 1955 akaletwa muuguzi mpya, Polycarpe, mtu wa kule ziwani. Siku ya pili alisimama akamwangalia Thacienne anavyoanika bandeji.

"Mama, mimi nakujua. Si weye bibi ya Sebarenzi wa Mushaki? Sasa, bwana yako alikubali?"

"Kukubali nini?"

"Ile maneno ya munganga. Mimi njo nilikuwa namutafsiria. Bwana yako alivimba mashavu wakati wa ujana, ugonjwa ukashuka chini. Hawezi kuzalisha. Weye ulikuwa muzima kabisa. Munganga alitaka kukuita ndani, yeye akasema hapana, nitamuambia mwenyewe."

Thacienne alianika bandeji zote zilizobaki, moja baada ya nyingine. Kisha akaenda nyuma ya jengo, akaketi chini. Hakulia. Alifikiria zile dawa, na wale mbuzi. Alifikiria kwamba ana miaka thelathini na moja, na kwamba mbele ya kanisa hawezi kuolewa na mwanamume mwingine. Sebarenzi hakumdanganya tu. Alichukua watoto ambao angewazaa.

Wiki hiyohiyo alipanda kamyo kurudi. Njia nzima, kwenye matope na kona za Masisi, alipanga maneno atakayoyasema mbele ya watu wote.

Watu wote aliwakuta. Uani kulijaa majirani na mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi: Agathe alikuwa amezaa mtoto wa kiume, na siku hiyo anapewa jina, Viateur. Mukandori alimwona wa kwanza.

"Muangalie! Amekuja kuona mutoto. Yeye hajui wanafananaga namna gani."

Wanawake wakacheka. Thacienne akangoja wamalize.

"Nimetoka Walikale," alisema. "Kule kuko infirmier moja, jina yake Polycarpe. Zamani alikuwa kule ziwani, kwa munganga Mzungu."

Sebarenzi aliacha kutafuna. Agathe alimtazama mumewe, akamtazama Thacienne, kisha akamfunika mtoto uso kwa kitambaa. Yeye alijua mtoto ni wa nani.

Hapo Thacienne akaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Akisema, watamfukuza Agathe kwa mawe pamoja na kichanga chake, na Sebarenzi atakaa katikati ya uwanja akihurumiwa na kilima kizima: maskini, mwanamume aliyedanganywa. Hakutaka mtu yeyote amhurumie.

"Anakusalimia," alimwambia Sebarenzi. "Ni hiyo tu."

Baadaye Sebarenzi alimfuata nyuma ya nyumba, jasho likimtoka.

"Unataka nini?"

"Lile shamba la juu ya nyumba yako, na unijengee nyumba pale. Mbele ya Padiri mimi njo bibi yako, hakuna mutu atauliza."

"Na ile maneno?"

"Kinywa iko yako. Ukitaka kusema mimi niko muzima, sema, na watu watauliza mutoto ni wa nani. Ukinyamaza, utamulea. Chagua."

Alinyamaza, na nyumba ikajengwa kabla ya mvua.

Kila asubuhi Thacienne alisimama juu shambani, akaita kwa sauti ya adabu, majirani wakisikia: "Papa Viateur! Mutoto ameamuka muzuri?" Na kila asubuhi ilimpasa Sebarenzi ajibu. Alikonda. Alianza kunywa. Mukandori alizunguka na mjukuu mgongoni akiwaonyesha watu pua ya mtoto, eti ni ya babake, na mwanawe akawa anatoka nje.

Miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja Sebarenzi alipanda hadi kwenye maharagwe, akavua kofia.

"Nimechoka, Thacienne. Waambie watu. Waambie yote, iishe."

"Nilikuwa nachoka miaka saba," alisema. "Weye ni miaka mbili tu."

Mtoto alikuwa amemfuata. Alijikwaa kwenye mtaro, akalia, "Papa!" Sebarenzi aligeuka mbio, akamwinua, akampangusa matope magotini kwa kofia yake, akipuliza kidonda na kumsemesha polepole. Alimsahau Thacienne kabisa.

Thacienne alisimama na jembe mkononi. Alikuwa amempa mzigo, naye mtu huyu alikuwa amempenda mtoto. Hasira ikampanda upya, kali kuliko ile ya Walikale, kwa sababu safari hii hakujua aipeleke wapi. Sebarenzi alishuka na mtoto begani. Yeye akainama, akaendelea kupalilia mpaka jua likawa kali.