Kiti cha Anayengoja

Kinyozi huyu watu walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna kichwa alichowahi kukimaliza upesi. Wateja walilalamika, na wote walirudi. Kazi yake ilikuwa safi, hilo halina ubishi, na tena chumba chake kilikuwa na kitu ambacho vinyozi wengine hawakuwa nacho: sentensi iliyoandikwa kwa kipande cha sabuni kwenye kona ya juu ya kioo, ikibadilishwa kila baada ya siku chache.

Mwandishi alikuwa mkewe. Jioni, akitoka duka la dawa alikouza, alimpitia mumewe ili waende nyumbani pamoja, na kila jioni alikuta bado kuna vichwa. "Nakuja sasa hivi," mume alisema, na sasa hivi yake ilijulikana mtaa mzima. Basi mke aliketi kwenye benchi la ukutani, akatoa riwaya mkobani. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo; ya mama huyu iliishia vitabuni. Akikutana na maneno yaliyomchoma alisema, "Sikiliza hii, mume wangu," akayasoma kwa sauti, kisha akainuka kuyaandika. Taratibu alimtazama kupitia kioo, mkasi ukiendelea, akajibu, "Kali hiyo." Hata angesomewa karatasi ya dawa ya minyoo angesema kali hiyo.

Na si kwamba vitabu vilikuwa vigeni kwake. Ujanani ndivyo vilivyowakutanisha. Walikuwa wakiazimana riwaya, kila mmoja akipiga mstari wa penseli chini ya maneno aliyotaka mwenzake ayaone, na posa yenyewe karibu ipitie humo. Kisha kazi ikaja, watoto wakaja, watoto wakaondoka, na yeye akaacha. Mkewe akabaki anasoma kwa niaba ya wawili.

Sasa mke hayupo. Aliugua ghafla, hospitali haikumrudisha, na sentensi yake ya mwisho ikabaki kiooni: *Anayengojewa hajui kiti cha anayengoja kina ugumu gani.*

Tangu hapo Taratibu alisafisha kioo kwa kuzunguka. Kona ile kitambaa hakikuigusa, na vumbi likaanza kuweka makazi. Wateja waliona, wakanyamaza. Msiba wa mtu hauna ratiba. Lakini seremala wa jirani alikuwa na mdomo usiojua kufungwa. Siku moja, shuka ya kunyolea imemkaba shingo, aliisoma tena ile sentensi na kuuliza, "Kaka, haya maneno yanatoka kitabu gani? Mimi nataka kujua aliyesema alijibiwa nini."

Taratibu akageukia kioo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza swali hilo. Lilimuuma kwamba ameulizwa na seremala, mtu ambaye kusoma kwake ni vipimo vya milango.

"Nitakutafutia," alisema.

Riwaya ya mwisho ilikuwa bado kwenye mkoba wa marehemu, kitana chake kikiwa ndani badala ya kialamisho. Alifungua pale penye kitana. Maneno hayapo. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, hayapo, wala haelewi nani anagombana na nani. Kwa shingo upande akaanza mwanzo kabisa, akisoma kati ya mteja na mteja, kwenye benchi lile lile.

Kilikuwa kisa cha fundi wa madaraja aliyewaunganisha watu wa kila upande wa mto, na nyumbani kwake mwenyewe hafiki. Mara ya kwanza alisoma kama anayetafuta ufunguo ulioanguka: macho yanakimbia, akili haipo. Halafu, bila kujua lini hasa, akaacha kutafuta. Daraja moja lilikuwa linakaribia kuanguka na yeye akataka kujua. Mteja akaingia, akakohoa, akakohoa tena.

"Nakuja sasa hivi," alisema Taratibu, jicho kwenye ukurasa.

Ladha ile ya zamani ilikuwa imerudi, na ilirudi na mateso yake. Kwa maana alipofika mahali mke wa fundi anasema, "Umevusha watu wote, umenisahau ng'ambo," aliinua kichwa na maneno yakamtoka yenyewe: "Sikiliza hii." Kiooni lilionekana benchi, na kwenye benchi alikuwa yeye peke yake. Alijihurumia siku hiyo kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi palikuwa na watu.

Benchi nalo lilimsumbua. Ubao wake ulikuwa mkavu, msumari mmoja umechungulia, mgongo hauna pa kuegemea. Akakunja taulo akalikalia, bado benchi likauma. Hakuwahi kulikalia kabla ya hapo. Mwenye duka ana kazi gani na benchi la wateja?

Alimaliza kitabu jioni moja ya mvua, wateja hakuna. Fundi wa madaraja alikuwa amefika mlangoni kwake, mzee, nguo zimelowa, na kusema: "Nimechelewa, lakini njia sikuisahau." Taratibu akafunga kitabu na kukaa nacho mapajani. Sentensi ya kiooni haikuwamo. Hakuruka hata ukurasa mmoja, na haikuwamo.

Ndipo jioni sentensi ile ilipoandikwa ikamrudia. Mkewe alisema, "Sikiliza hii, mume wangu," kama kawaida. Lakini kitabu kilikuwa kimeshaingia mkobani, mkoba uko begani, na macho yake hayakutazama ukurasa wowote. Yalimtazama yeye, kupitia kioo. Kisha akayaandika aliyoyasema. Na yeye, mkasi mkononi, alikuwa amejibu, "Kali hiyo."

Alikaa akitazama kioo. Kutoka kwenye benchi, kioo kilimwonyesha mahali anaposimama kunyoa, mahali ambapo uso wake ungeonekana wote, umeinamia kichwa cha mtu mwingine. Huo ndio mkewe aliokuwa akiutazama jioni zote zile, akingoja uinuke.

Taratibu alisimama, akachukua kipande cha sabuni. Chini ya mwandiko wa mkewe, kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, akaandika: *Nimechelewa, lakini njia sikuisahau.* Akarudi kwenye benchi, akakaa upande mmoja, akaacha nafasi ya mtu.

"Sikiliza hii, mke wangu," alisema, akaisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.

Akangoja. Hakuna aliyesema kali hiyo.