Kiti Kisichopinduliwa

Norman Okiror alikuwa na sheria moja tu katika kazi yake, na aliivunja siku ambayo hakupaswa kuivunja. Sheria yenyewe ni kwamba katika chumba unachokipekua, kila kitu kinaguswa. Saa ya ukutani, soketi, picha ya harusi ya bosi, hata Biblia iliyo mezani. Vidude vya kusikilizia havina adabu, hukaa popote vinapowekwa. Hayo aliyajua tangu alipokuwa polisi, idara ya mawasiliano, na alipostaafu akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio pale Malukhu, mjini Mbale. Mwenye ofisi aliyeshuku kwamba maneno yake yanavuja alimtafuta huko.

Safari hii aliyemtafuta alikuwa Ronnie, mwenye kampuni ya kununua kahawa mjini Jinja. Tukitaka kusema kweli, mwenye kampuni alikuwa baba yake, Mzee Yekosofati, aliyeianza kwa baiskeli na gunia. Kiharusi kilimwangusha mzee, upande mmoja wa mwili ukalala, wakamrudisha nyumbani Wanale, mlimani juu ya Mbale, akauguzwe, na Ronnie akashika usukani. Ronnie alitaka kuuza ghala la Mbale, lile ambalo wakulima wa mlimani wamekuwa wakiteremshia kahawa yao tangu enzi za baba yake. Lakini kila alipokaa na wanunuzi kulizungumza jambo hilo, kabla jua halijazama wakulima walikuwa wamekwisha kujua, na wanunuzi wakapigiwa simu za matusi mpaka wakajitoa.

"Afande," Ronnie alimwambia Norman siku alipofika, "kuna mtu anasikiliza mimi hapa. Wewe tafuta hiyo kitu, toa."

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi. Ronnie ni Mmasaba, Norman ni Mteso, na Kiingereza wote wawili wanakijua vizuri, kwa hiyo hakuna aliyemlazimisha. Alitaka wafanyakazi wasikie. Huku kwetu Kiswahili bado kinanuka buti za wanajeshi, na ukikizungumza ofisini kila mtu anajua kuna jambo limeingia. Makarani waliinamisha vichwa, wakaandika hata yasiyohitaji kuandikwa.

Aliyeendelea na kazi yake bila wasiwasi alikuwa Naigaga, sekretari wa Ronnie, binti wa Buwenge. Alileta chai, akapiga magoti kama wanavyofunzwa mabinti wa Kisoga, akamsalimu mgeni pole pole, akauliza habari za safari, za nyumbani, za watoto. Norman alijibu zote. Chai ilikuwa na tangawizi ya kutosha, na alimwambia hivyo.

Kisha akaanza kazi. Aliomba simu zote zitolewe nje. Zikatolewa, isipokuwa ya Ronnie mwenyewe, ambaye alisema anangoja mtu wa maana na hawezi kukaa bila simu. Norman hakubishana naye. Alipitisha mashine yake ndogo ukutani, chini ya meza, nyuma ya kabati. Mashine hiyo hulia ikikaribia kitu chochote kinachorusha sauti hewani. Alifungua soketi zote, akaishusha saa, akaichungulia ndani.

Kilibaki kiti cha mzee.

Kilikaa pembeni ya dirisha, kiti cha mvule chenye mto wa ngozi, na tangu mzee augue hakuna aliyekikalia. Aliyekigusa alikuwa Shakul tu, dereva wa kampuni, ambaye kila wiki alileta sampuli za kahawa kutoka Mbale na kila wiki alikipangusa vumbi, kwa sababu mzee alimwagiza hivyo. Wafanyakazi walimtania kwamba amekuwa shemasi wa kiti. Norman alipokifikia, mashine ikakoroma mara moja, krrr, ikanyamaza.

Akasimama. Akamtazama Ronnie, na Ronnie akakitazama kiti. Kwa kina Norman na kwa kina Ronnie jambo hili ni lile lile, hata kama lugha ni mbili: kiti cha baba aliye hai hakipinduliwi. Kinapinduliwa siku ya kilio. Anayekipindua kabla ya hapo amemwitia mauti mzee wa watu, na huyu alikuwa kitandani tayari, hakuhitaji wa kumsukuma. Lakini ukitaka kukipekua kiti, huna budi kukipindua.

"Hiyo ni simu yangu," Ronnie akasema.

"Ni simu yako," Norman akakubali, upesi mno.

Heshima si utumwa, wanasema. Siku ile ilikuwa utumwa. Norman alikunja waya zake, akatangaza mbele ya wote, "Chumba ni safi, bwana. Hakuna kitu hapa."

Ronnie alitikisa kichwa taratibu. "Basi kama si kidude, ni mdomo."

Na mdomo uliokuwa ukiingia katika vikao vile, ukimimina chai na kuandika yanayosemwa, ulikuwa mmoja tu. Naigaga aliitwa pale pale. Aliapa kwa jina la mama yake, akaapa kwa Mungu, kisha akaanza kulia, na Ronnie akamwambia akusanye vitu vyake. Norman alikuwa bado anafunga begi. Angeweza kusema, bwana, ngoja kidogo, kuna kiti sijakigusa. Lakini angesema hivyo, angeulizwa mbona hakukigusa, na mtaalamu aliyekwisha kutangaza hapendi kutangua. Akatoka. Binti yule alikuwa barazani na mfuko wa plastiki mkononi, na hakumtazama.

Akarudi Malukhu na kazi zake. Kwa muda alijiambia kwamba mashine zinakoroma ovyo, hasa hizi za siku hizi. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko mtu anayeamini.

Msimu wa kahawa ulikuwa umekolea Shakul alipokuja kibandani kwake. Mzee Yekosofati ana simu, alisema, na simu hiyo imefifia sauti. Hataki kuitoa mkononi, hata kwa siku moja. Afande afike Wanale aitengeneze pale pale. Norman akabeba vyombo vyake, wakapanda.

Mzee alilazwa karibu na dirisha linaloutazama mlima. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini Kiswahili chake cha kuuzia kahawa mpakani kilikuwa kizima. Norman alifungua simu, akakuta spika imejaa vumbi na mate, akaibadilisha. Akamrudishia. "Jaribu, mzee. Piga mtu yeyote."

Mzee akabonyeza kwa kidole gumba, bila hata kutazama. Simu iliita mara moja tu. Ikafunguka, na badala ya mtu kusema haloo, chumba kizima kikasikika: feni inazunguka, kijiko kinagonga kikombe, halafu sauti ya Ronnie ikilalamika kuhusu bei. Haikuwa sauti ya mtu anayezungumza na baba yake. Ilikuwa ya mtu asiyejua kwamba anasikika.

Shakul akatoka nje. Norman alikaa kitako juu ya sanduku la nguo.

"Kiko kwa kiti," alisema.

"Kiko kwa kiti," mzee akajibu. "Shakul anabadilisha betri. Ile kampuni ni mimi, afande. Wao waliniondoa hapo wakaniweka hapa nitazame mlima. Mlima hausemi kitu. Nikisikia hiyo feni, mimi nakuwa mtu tena."

"Na wakulima?"

"Ghala ni yao na mimi. Ningenyamaza, wangeamka siku moja wakute limeuzwa."

Norman alimsikiliza, na moyo wake ulimwonea huruma, kwa maana naye alikuwa amestaafu na alijua jinsi siku zinavyorefuka. Lakini kulikuwa na swali, akaliuliza. "Mzee, siku wanafukuza yule binti. Ulisikia?"

Jicho la mzee la upande mzima lilijaa machozi.

"Nilipiga simu mchana, nikakuta analia. Nilisikia yote. Nilisema kesho nitamwambia Ronnie. Halafu nikasema kesho." Akaifunika simu kwa kiganja. "Wewe sema. Mimi nikisema, watanizima. Mimi siwezi."

Norman hakuwa na ujasiri wa kumlaumu. Mzee alikuwa amesikia akanyamaza, na yeye mwenyewe pia alikuwa amesikia akanyamaza. Wote wawili walikuwa wamemwacha binti wa watu aende zake na mfuko wa plastiki ili wasiaibike.

Kesho yake aliteremka Jinja. Hakueleza mengi. Aliingia ofisini kwa Ronnie, akafunga mlango, akakishika kiti cha mzee kwa mikono miwili na kukipindua miguu juu. Ronnie aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Norman alichana kitambaa cha chini kwa kisu, akatoa kidude cheusi kidogo chenye laini ya simu ndani na betri iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Akakiweka mezani, akaitoa betri.

"Nani?" Ronnie aliuliza.

"Baba yako. Mimi nilipita hapa mara ya kwanza, mashine ikalia, sikupindua. Kosa ni langu. Naigaga hana kosa."

Ronnie hakuuliza chochote kuhusu Naigaga. Alikuwa akiyahesabu kichwani yote aliyoyasema katika chumba kile, na Norman aliona uso wake ukibadilika. "Nilisema hapa mzee amekuwa gunia tupu," akasema hatimaye. "Nilisema tunangoja tu siku. Alisikia?"

"Sijui alisikia gani na gani."

"Geuza kiti, afande. Tafadhali. Na usimwambie mtu kwamba kilipinduliwa." Kisha, akitafuta funguo za gari, kwa sababu alitaka kwenda Wanale saa ile ile, akasema, "Yule binti mwambie arudi. Wewe unapajua kwao?"

Norman alimwambia kwamba ingefaa aende mwenyewe. Ronnie alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Kwa hiyo Norman ndiye aliyekwenda Buwenge. Ilikuwa siku ya soko, na alimkuta Naigaga kwenye mkeka wa mama yake, wakiuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amekonda. Jirani mmoja, kabla hata Norman hajawafikia, alimweleza bila kuulizwa, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba yule ndiye aliyeuza siri za tajiri wake Jinja, kwamba duka la dawa lilimnyima kazi, na kwamba watu waliokuwa wakija kumposa hawaji tena.

"Afande," Naigaga alisema. Hakupiga magoti.

Norman alichuchumaa mbele ya mkeka, akamweleza: kidude kimepatikana, kilikuwa cha mzee mwenyewe, Shakul ndiye aliyekihudumia, Ronnie anataka arudi kazini.

"Yeye hakuja?"

"Amekwenda kwa baba yake."

Naigaga alipanga rundo la samaki ambalo halikuhitaji kupangwa. "Mimi najua sikufanya. Wewe ambia huyu," akasema, akimwonyesha mama yake. "Na ambia hawa."

Maana watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mgeni mrefu wa kaskazini anazungumza Kiswahili na binti ambaye tayari ana jina baya: nani angepita? Ila Kisoga cha Norman kilikuwa kinaishia kwenye salamu, na mama mtu Kiswahili alikijua kwa kukikimbia tu, zamani, enzi za wanajeshi. Ikabidi Naigaga atafsiri mwenyewe. Norman akasema sentensi, Naigaga akaigeuza kwa Kisoga, macho chini, akijitetea kwa maneno ya mtu mwingine. Na Norman, aliyetaka kuutua mzigo wake wote siku ile, akaongeza:

"Mimi ndiye nilikosa. Mashine yangu ililia karibu na kiti. Nilisikia. Niliona haya kupindua kiti cha mzee."

Naigaga hakutafsiri. Aliinua macho.

"Ililia? Siku ile ile?"

"Siku ile."

"Ulisikia, halafu ulikaa hapo nikifukuzwa."

Norman aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametegemea kwamba ukweli ungemfanya ajisikie nafuu, na alijisikia mchafu. Mama alimvuta binti yake nguo, akitaka kujua mgeni amesema nini, na Naigaga akatafsiri hilo nalo, kwa maneno machache.

Mama alifikiri. Alimtazama Norman, akamtazama binti yake kwa muda, akasema jambo kwa sauti ndogo. Waliosimama nyuma walilirudia, likapokewa na walio nyuma yao, mpaka kwa wauza nyanya.

"Anasema nini?" Norman aliuliza.

"Anasema, kwa hiyo hicho kidude kilikuwako kweli."

"Ndiyo, lakini mwambie hakikuwa chako."

"Nimeambia yeye." Naigaga alichukua kipimo cha bati, akakijaza mukene kwa mteja ambaye hakuwepo. "Mimi nilikuwa naambia watu hapa kila siku, hakuna kitu katika ile ofisi, hata afande wa mashine alisema hakuna kitu. Maneno yako ndiyo nilikuwa nashika. Sasa wewe umekuja kusema kulikuwa na kitu. Na aliyekaa na hicho kitu kila siku ni nani?"

Norman aligeuka kuwatazama watu, akafungua mdomo. Aliwaambia kwa Kiswahili kwamba binti huyu hana hatia, akarudia, akapandisha sauti ili wa nyuma wasikie, na akaona wanawake wa mstari wa mbele wakirudi hatua, wakiwavuta watoto wao.

"Nenda tu, afande," Naigaga alisema. "Sauti yako inawaogopesha."