Magugu ya Mama Upawa

Ungepita nyuma ya nyumba ya Mama Upawa bila kuambiwa, ungeapa kwamba mwenye nyumba amekufa na warithi bado wanagombana. Kichaka kitupu! Kumbe kila jani pale lilikuwa na kazi yake. Mlonge ulisimama juu kuwapa wenzake kivuli, mibaazi ikafuata, pasheni ikatambaa ukutani, chini yake magimbi na manjano, na ardhi yote imefunikwa majani makavu ili jua lisiinyonye maji. Hakuna kilichopandwa kila msimu. Vilipandwa mara moja vikaachwa viishi pamoja, na kila mwaka vilitoa chakula bila kusumbuliwa na jembe. Bustani hiyo ilimlia mama wa watu miaka na mgongo.

Jina la Upawa alipewa na wanafunzi. Alikuwa mpishi wa shule, akipakulia watoto mia nne bila upendeleo. Alipostaafu alibaki kumpikia mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Msimcheke, mkono wake mpaka leo haujajifunza kupika kidogo. Alipika sufuria nzima, akala sahani moja, kilichobaki akala kesho na keshokutwa huku akiongea na redio. Mumewe alikuwa ametangulia zamani. Mtoto alikuwa mmoja tu, fundi wa lifti katika jiji la mbali, kutwa kuwapandisha watu na kuwashusha, ila yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kushuka kwao. Simu zake zilikuwa fupi: Mama hujambo, dawa unakunywa, haya baadaye. Na hiyo baadaye, nani aliwahi kuiona?

Basi mwaka mmoja kijana akaja likizo. Mama alifurahi hadi akatia chumvi mara mbili kwenye mboga. Lakini furaha ni kitu kimoja na mazungumzo ni kingine. Waliulizana habari za afya, za kazi, za mvua, zikaisha zote kabla chai haijapoa. Kijana akabaki na simu yake, mama na sufuria yake, wanaoneana haya kama wachumba waliotafutiwa. Mama alikuwa na hofu moja tu. Wakiagana hivyo, mwanawe hatarudi tena, maana mtu harudi mahali alipochoka kukaa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Mama alikuwa amekwenda zahanati kuchukua dawa za presha, na foleni za zahanati mnazijua. Aliporudi alasiri alikuta moshi uani.

Uwanja ulikuwa mweupe pe. Mlonge umebaki kisiki, mibaazi imelazwa, pasheni imechanwa kutoka ukutani, magimbi yamekatwa shingo, na yale majani makavu yote yanaungua pembeni. Fundi wa lifti alisimama katikati na panga mkononi, shati limelowa chapachapa, viganja vimetoka malengelenge, anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Alimweleza mama kwamba tangu afike alikuwa akiona aibu, mama yake mzazi kuishi porini utadhani hakuzaa.

"Sasa hata nyoka hana pa kulala," alisema. "Umependa, Mama?"

Maneno yalimfika mama mdomoni, mazito na ya haki, na ningekuwa mimi ningeyatoa yote pamoja na ya akiba. Lakini alimtazama mwanawe usoni. Tangu enzi za kukimbiza matairi barabarani hakuwahi kumwona amefurahi vile. Mama akapiga moyo konde.

"Asante, baba," alisema. "Nimependa sana."

Jioni ile kijana alitoa viti viwili, akaviweka pale penye uwazi, akaanza kuongea. Alisimulia habari ya lifti iliyokwama na bwana harusi ndani, jasho linamtiririka, na huko juu wageni wameshaanza kula. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Kisha kijana akasimulia pia jinsi mkewe alivyoondoka, na kwamba kwa aibu hakuweza kumwambia mama yake. Mama alimpaka mafuta viganjani, taratibu, kidole kwa kidole. Walikaa mpaka mbu wakawafukuza. Moyo wa mama upande mmoja ulikuwa msibani, na upande wa pili haukuwa umeshiba namna ile kwa miaka.

Likizo ikaisha, kijana akaenda zake. Jirani wa mama, muuza mkaa, mwanamke asiye na mdomo wa kuazima, alichungulia juu ya ukuta akashika kichwa. Alitaka kujua kwa nini mtu mzima amekaa kimya baada ya kubomolewa bustani. Mama alimjibu kwamba mimea ile haina haraka ya kufa. Mizizi iko chini, itachipua tu. Na kweli ikachipua. Kisiki cha mlonge kilitoa matawi, mibaazi ikainuka, magimbi yakafungua majani, pasheni ikaushika tena ukuta. Mama aliokota majani makavu mtaa mzima, akaifunika ardhi upya. Hatimaye pasheni ikatoa maua, kisha vitunda vya kijani.

Lakini simu nazo zilirudi kuwa fupi. Mama hujambo, dawa unakunywa. Alipouliza atakuja lini, kijana alisema kazi zimembana, na hata akija, atakaa afanye nini? Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililouma zaidi. Mama alizunguka na neno hilo jikoni, akipika, akila, akiongea na redio. Uani palikuwa na chakula cha kulisha nyumba tano, na ndani hakukuwa na mdomo wa pili.

Asubuhi moja akaketi karibu na dirisha, akapiga simu yeye. Safari hii hakuuliza atakuja lini.

"Mwanangu, yale magugu yameota tena," alisema. "Yamefika dirishani."

Sauti ya kijana ikachangamka.

"Kosa langu, Mama, nilifyeka juu juu. Usimwite kibarua, nakuja Jumamosi. Safari hii nitang'oa na mizizi, yasikusumbue tena."

Mama aliutazama mlonge. Aliitazama pasheni. Kijana akauliza kama simu imekatika.

"Nipo," alisema. "Njoo, baba."

Ijumaa yote alivuna. Alichuma mbaazi ambazo hazijajaza, akafukua manjano machanga, akang'oa magimbi yaliyokuwa bado vidole. Muuza mkaa alimwona akichuma pasheni za kijani, akamuuliza juu ya ukuta mbona anachuma hata mabichi, au anahama?

"Sihami," alisema Mama Upawa. "Mwanangu anakuja kesho."